Kulenga visahani vinavyoruka: mwongozo kwa anayeanza Dodoma na kanda ya kati

Mashine inarusha kisahani chenye upana wa sentimita 11 hivi, wewe una shotgani mkononi, na una sekunde mbili au tatu za kukivunja kabla hakijagusa ardhi. Mchezo ndio huo. Trapu na skiti, zile za Olimpiki, huchezwa kwenye viwanja vyenye vipimo vilevile popote uendapo. Spotingi, ambayo ndiyo tunaizungumzia hapa, haina viwanja viwili vinavyofanana. Unatembea kutoka kituo hadi kituo, na kila kituo kina swali lake: kisahani kinachokimbia mbele yako, kinachokata kutoka kushoto, kinachopaa wima, kinachobingirika chini. Zamani watu walilenga njiwa hai waliofunguliwa vizimbani, wakaja kwenye mipira ya kioo, hadi Mmarekani George Ligowsky alipopata hataza ya kisahani cha udongo mwaka 1880. Cha leo kinatengenezwa kwa chokaa iliyosagwa na lami.

Ardhi ya Dodoma inaufaa mchezo huu kweli: tambarare ndefu, anga pana, miti michache. Ila jua, upepo, vumbi na mifugo vina masharti yao, na anayeyapuuza atamaliza risasi bila kujifunza kitu, au ataumiza mtu.

Vibali kwanza

Silaha za moto nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Pa kuanzia ni ofisi ya polisi ya wilaya yako, kabla hata ya kukanyaga duka la silaha. Leseni ni ya mtu na silaha yake, kwa hiyo usichukulie kwamba unaweza kumpa rafiki bunduki yako apige visahani viwili vitatu. Uliza kwanza, upate jibu.

Usichukulie pia kwamba leseni ya bunduki ni ruhusa ya kufungua uwanja shambani. Nenda kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, na barua inayosema shamba liko wapi, ni la nani, mtalenga siku gani na saa ngapi, bunduki zipi na za nani. Ukipata jibu la maandishi, mwone mwenyekiti wa kijiji au mtaa mapema, ili milio isije ikaleta taharuki. Na ukisafiri na bunduki kuelekea Kondoa, Chemba au Manyoni, kumbuka mapori ya akiba ya Swagaswaga, Mkungunero, Muhesi, Kizigo na Rungwa. Kuingia humo na silaha bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hata kama risasi zako ni za visahani tu.

Kuchagua eneo

Marisau, yaani punje zilizomo ndani ya risasi ya shotgani, ya kulengea visahani ni madogo, na umbali wake wa mwisho unaweza kukadiriwa kwa kanuni ya zamani: chukua kipenyo cha punje moja kwa milimita, zidisha kwa 80, jibu ni mita. Punje za saizi iitwayo namba 7½ zina milimita 2.4, kwa hiyo zinafika kama mita 190. Hewa ya Dodoma, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya pwani na inaongeza kidogo. Tenga mita 300 tupu mbele ya mlengaji, na upana wa kutosha kila upande ambako mtutu unaweza kufika. Tupu maana yake hakuna nyumba, barabara, shamba la zabibu lenye vibarua, wala njia ya kwenda kisimani.

Piga hesabu hiyohiyo kwa risasi za walinzi. Punje za SG, zile kubwa, zina milimita kama 8.4, na zinavuka mita 650. Ile yenye kipande kimoja kizito inakwenda mbali zaidi ya hapo. Watu wengi mkoani wana shotgani kwa ajili ya ulinzi, na risasi hizo ndizo zinazokaa mfukoni au kwenye droo. Zisifike uwanjani kabisa. Kabla ya kuanza kila mtu amwage mfuko wake mezani, zihesabiwe zile za visahani peke yake.

Mlengaji atazame kusini. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita kaskazini, yaani mgongoni kwako. Asubuhi litakupiga shavu la kushoto na jioni la kulia, lakini halitakuwa machoni. Ukielekeza uwanja mashariki au magharibi, nusu ya siku unalenga mwanga mtupu, na kufyatulia usichokiona si mchezo tena. Wanaolenga Desemba na Januari jua linakuwa upande wa kusini, ila liko juu sana mchana, hivyo kofia yenye ukingo inatosha.

Gharama ya kutazama kusini ni upepo. Kiangazi upepo wa hapa hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, na hukaza jua linapopanda. Kisahani kinachokwenda kinyume cha upepo huinuka na kuelea. Kinachosukumwa na upepo kutoka nyuma hukandamizwa chini. Basi asubuhi tulivu mtavunja visahani vizuri, saa tano mtavikosa visahani hivyohivyo kwa kupiga chini yake, na wala bunduki haijabadilika. Vumbi na vipande vidogo navyo vitarudi kwenu. Anza saa moja asubuhi, umalize kabla ya saa tano.

Vilima vya mawe vinavutia kama ngao. Usivitumie kwa karibu: marisau yakigonga mwamba hurudi. Mteremko wa udongo ni bora, na uwanda mtupu wenye mita zake kamili ni bora pia.

Halafu kuna mifugo. Mchungaji anafuata majani na maji, bendera yako nyekundu haimwambii chochote kama hajaelezwa. Weka bendera, lakini weka na watu wawili wenye filimbi, mmoja kila upande wa uwanja, ambao kazi yao ni kutazama tu. Filimbi ikilia, kila bunduki inafunguliwa na kutolewa risasi papo hapo, hata kama ng'ombe wako mbali. Mtoto anayechunga mbuzi anaweza kuwa nyuma ya kichaka ambacho wewe unakiona kama kichaka.

Usilenge juu ya lambo, kisima, wala korongo la mchanga ambalo watu huchimba maji wakati wa kiangazi. Marisau ni madini ya risasi, na ni sumu. Kuku, bata na kanga huyameza wakidhani changarawe. Vipande vya visahani navyo vina lami inayodhuru nguruwe wakila. Eneo la kulengea lisiwe eneo la kulishia.

Mashine moja, vituo vitatu

Kwa kikundi cha watu wanne au watano, mashine ya mkono yenye springi inatosha kabisa. Watu hudhani spotingi inahitaji mashine kumi. Haihitaji: badala ya kuhamisha mashine, mhamishe mlengaji.

Ifunge mashine kwa boliti kwenye ubao mnene, kandamiza ubao kwa mifuko minne ya mchanga, kisha jenga ukuta wa mifuko hadi kifuani upande wa mlengaji. Mrushaji anakaa nyuma ya ukuta huo na anaachia kwa kamba ya mita tatu au zaidi. Kuwa makini na mkono wa mashine. Ukishavutwa, unaweza kuvunja mfupa wa mkono au uso, na hauonyeshi dalili kabla haujaachia. Anayeweka kisahani asimame nyuma, asivuke duara la mkono hata kuokota kilichoanguka. Mkitaka kusogeza au kurekebisha mashine, iachieni kwanza bila kisahani.

Sheria moja ya mpangilio: mashine na vituo vyote viwe kwenye mstari mmoja wa mashariki hadi magharibi, na hakuna kiumbe mbele ya mstari huo. Kituo cha kwanza kiko mita tano magharibi mwa mashine, nayo ikirusha moja kwa moja kusini. Hapo unapata kisahani kinachokukimbia. Kituo cha pili ni mita 10, mashine ileile, na sasa kisahani kinaondoka kwa pembe. Kituo cha tatu ni mita 25 magharibi, na mashine imegeuzwa kuelekea kusini-magharibi. Kisahani kinakatisha mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia huku kikiondoka, na kinapita mbele ya kifua chako kikiwa umbali wa mita 25. Ukitaka kinachopaa, inua mbele ya mashine itazame juu na urudi kituo cha pili. Ukitaka jozi, weka viwili kwenye mkono kwa wakati mmoja.

Kisahani kinachokuja kuelekea mlengaji usikipange kwa mashine ya mkono. Kingelazimisha mrushaji awe mbele ya mtutu.

Kila kituo kiwe na kizimba: fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja, yenye nguzo mbili za mbele zilizosimama hadi usawa wa kichwa, zinazozuia mtutu usizunguke kuelekea mashine au watu. Kwenye kituo cha tatu nguzo ya kushoto ndiyo inayomlinda mrushaji, kwa hiyo ipigwe imara, ijaribiwe kwa bunduki tupu kabla ya yote.

Visahani vyenyewe viwekwe kivulini. Lami hulainika kwa joto, na katoni iliyoachwa nyuma ya pikapu saa sita mchana hutoa visahani vilivyogandana na kupinda. Vinavunjika kwenye mashine, au vinaruka ovyo, au marisau yanavitoboa visipasuke. Rangi nayo ina maana: cheusi kinaonekana vizuri kwenye anga la kiangazi na hata kwenye udongo mwekundu. Cha rangi ya chungwa kinapotea kabisa kwenye udongo wa Dodoma, ingawa wauzaji hukisifu.

Bunduki, risasi, choki

Ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, ndiyo rahisi kuisimamia: ukiifungua kila mtu anaona ni tupu. Mitutu ya sentimita 71 hadi 81 husukumika kwa utulivu. Shotgani fupi ya pampu aliyonayo mlinzi inaweza kufundishia kwenye visahani vya mita 20, lakini wepesi wake wa mbele huifanya ianze haraka na kusimama haraka, na kusimama ndiko kunakokosesha.

Kwa bunduki ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikipanda mtutu ni mwembamba zaidi) tumia risasi ya gramu 28, namba 7½ au 8. Anayeanza, na yeyote mwenye mwili mwepesi, apewe gramu 24. Kisahani hakitambui tofauti, bega linaitambua. Risasi moja ya gramu 28 namba 7½ ina punje kama 350.

Choki ni kile kibano cha mdomo wa mtutu. Silinda, yaani bila kibano, inatosha hadi mita 20. Robo choki inafika mita 30, nusu choki 35, na choki kamili ni kwa mbali zaidi ya hapo. Anayeanza abaki na silinda au robo choki siku nzima. Kubadilisha choki kila kituo kunampa mtu kisingizio na kunamwondolea akili kwenye kisahani. Ila angalia mara kwa mara kama imekaza, kwa bunduki tupu. Iliyolegea huweza kutanua mtutu.

Mambo matatu hayana msamaha. Usichanganye risasi za geji 20 na 12 kwenye mfuko mmoja, kwa sababu ya 20, ambayo kwa kawaida ni ya njano, huteleza ndani ya mtutu wa 12 na kukwama mbele. Ukitia ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka mkononi. Ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, simama, fungua, toa risasi, chungulia mtutu mzima kabla ya kuendelea. Risasi ikigoma kulia, weka mtutu mbele kwa sekunde 30 ndipo ufungue.

Miwani na vizibo vya masikio ni kwa kila aliyepo, pamoja na watazamaji na walinzi wa filimbi. Mlio wa shotgani unazidi desibeli 150, na usikivu ukipotea haurudi. Mvinyo wa Dodoma usubiri hadi bunduki zimefungiwa.

Jicho na bega

Nyoosha mikono mbele, kutanisha viganja ubakize tundu dogo, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili. Funga jicho la kushoto. Kitu kikibaki, jicho lako kuu ni la kulia; kikipotea, ni la kushoto. Anayelenga bega la kulia kwa jicho kuu la kushoto atakosa kwa mpangilio uleule kila mara. Kama bado ni mgeni kabisa, ahamie bega la kushoto. Kama amezoea, abandike kipande kidogo cha utepe usiopitisha mwanga kwenye lenzi ya kushoto, usawa wa pale jicho linapokutana na mtutu. Macho mawili wazi hupima umbali vizuri zaidi.

Shotgani haina kitundu cha kuchungulia kwa nyuma. Jicho lako ndilo kitundu hicho, ndiyo maana shavu likikaa pengine kila mara, marisau yanakwenda pengine kila mara. Sukuma bunduki mbele kuelekea kisahani, ipandishe shavuni kwanza, kisha bega liipokee. Wengi huanza begani halafu wanainamisha kichwa kuitafuta, na hapo kisahani kinapotea machoni. Mkono wa mbele ndio unaoongoza; wa nyuma unasindikiza.

Zoezi la nyumbani linasaidia kuliko katoni nzima ya visahani. Hakikisha bunduki ni tupu, risasi ziko chumba kingine. Tia tochi ndogo mdomoni mwa mtutu, izungushie karatasi isidondoke. Simama katikati ya chumba, pandisha bunduki huku mwanga ukifuata mstari ambapo ukuta unakutana na dari, kona hadi kona. Mwanga ukiruka juu au kushuka wakati kitako kinafika shavuni, mikono yako haifanyi kazi pamoja. Dakika kumi kila jioni. Toa tochi ukimaliza, na uangalie mtutu tena kabla ya kwenda uwanjani.

Kabla ya kisahani cha kwanza kurushwa, pima bunduki kwenye karatasi. Tundika karatasi ya mita moja kwa mita moja umbali wa mita 15, weka alama nyeusi katikati, pandisha na kufyatua mara tano bila kuchelewa. Kitovu cha matundu kikiwa sentimita chache juu ya alama ni sawa. Kikiwa pembeni, shavu au kitako hakijakaa. Kwa umbali huo milimita moja na nusu ya kitako inahamisha kitovu kama sentimita mbili na nusu.

Sehemu tatu kabla ya kusema "rusha"

Hapa ndipo mchezo wote ulipo. Walengaji wengi wa burudani husimama kizimbani, wanaita kisahani, halafu wanaanza kufikiri. Kisahani hakisubiri. Omba kwanza kionyeshwe bila kupigwa. Ni haki yako kwenye mchezo huu. Tazama kinapotokea, kinapong'aa vizuri, kinapopunguza mwendo, kinapoanza kushuka. Kisha amua sehemu tatu, kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni mahali pa kukivunjia. Chagua pale unapokiona wazi na mwendo wake umetulia, kabla hakijaanza kuanguka. Kwenye kituo cha tatu hapo ni mbele ya kifua chako au hatua chache kulia. Panga miguu kwa ajili ya mahali hapo: kitovu cha tumbo kielekee huko, uzito zaidi kwenye mguu wa mbele, magoti yamelegea. Halafu, bila kuhamisha miguu, jizungushe kiuno kurudi nyuma kuelekea mashine. Ukipanga miguu kutazama mashine, mwili utakaza na bunduki itasimama palepale unapotaka kufyatua.

Ya pili ni mahali pa kushikia mtutu: takriban katikati ya pale unapokiona mara ya kwanza na pale pa kukivunjia, na chini kidogo ya njia yake. Ukishika karibu mno na mashine, kisahani kinakupita nawe unakikimbiza kwa pupa. Ukishika juu ya njia yake, mtutu unakiziba.

Ya tatu ni mahali pa macho. Rudisha macho, bila kurudisha mtutu, kati ya mtutu na mashine, pale kisahani kinapoacha kuwa ukungu na kuwa umbo. Usikodolee mdomo wa mashine.

Sasa ita, "Rusha!", na kuanzia hapo macho yabaki kwenye ukingo wa mbele wa kisahani. Usiutazame mtutu hata kidogo. Anayegeuza jicho kutoka kisahani kwenda kwenye shanga ya mtutu, ile alama ndogo iliyo mdomoni mwake, mikono yake inasimama, hilo halikwepeki.

Kutangulia

Marisau hayafiki papo hapo. Yanatoka mdomoni kwa mwendo wa karibu mita 400 kwa sekunde, yanapungua kasi njiani, na mita 30 huchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kisahani cha kilomita 60 kwa saa, kikikatisha moja kwa moja umbali huo, kinakuwa kimesogea zaidi ya mita moja na nusu. Kikiondoka kwa mshazari wa nyuzi 45, hesabu inashuka hadi kama mita moja. Kinachokukimbia moja kwa moja hakihitaji kutanguliwa, kinahitaji kichwa kisiinuke.

Usijaribu kupima mita hizo hewani. Anza na njia ya kupitia: mtutu uanze nyuma ya kisahani, ukifuate kwa njia yake, ukipite, ufyatue ukiwa umekipita, na uendelee kusukuma baada ya mlio. Mwendo wenyewe unaleta pengo. Ikikaa mkononi, jaribu ya pili: mtutu ugusane na kisahani, uende nacho kidogo, kisha ujitoe mbele. Hii ni nzuri kwa visahani vya mbali na vya polepole. Kutangulia tangu mwanzo na kushikilia pengo hadi mwisho tunaiacha kwa waliokomaa, maana inakaribisha kupima.

Kinachopaa wima kivunje pale juu kinapokaribia kusimama, ukilenga ukingo wa chini kama kimeanza kurudi. Kinachobingirika, kama mtapata mashine yake, hukosewa kwa kupigwa juu na nyuma; lenga ardhi mbele ya tumbo lake. Kwenye jozi ya pamoja, kipige kwanza kile cha nyuma ikiwa cha mbele kinabaki wazi machoni, ili mtutu uendelee uelekeo uleule.

Mnapokosa, na mnapomaliza

Ukikosa, aliyesimama nyuma ya bega lako anaona zaidi yako. Kikombe cha plastiki kinachobeba marisau ndani ya risasi hutoka nayo, na humwonyesha uelekeo. Kwa visahani vinavyokatisha, jibu mara nyingi ni nyuma, na sababu ni bunduki kusimama. Kwa vinavyokukimbia ni juu, na sababu ni kichwa kuinuka kutaka kuona kama kimevunjika. Ukikosa mara mbili mahali pamoja, badilisha sehemu moja kati ya zile tatu, usibadilishe zote, la sivyo hutajua kilichoponya.

Hesabu ni rahisi: kipande kinachoonekana kikitoka, ni alama, vumbi peke yake si alama. Kwa vituo vitatu, visahani vinane kila kituo kwa mtu vinatoa 24, yaani kasha moja la risasi 25, ikibaki moja ya akiba. Mizunguko miwili inatosha. Mwili ukichoka, mtu huanza kujikunja akingoja teke la bunduki, na tabia hiyo huchukua wiki kuondoka. Kunywa maji kila mzunguko. Hewa kavu ya hapa haikuonyeshi kwamba umetoka jasho.

Mkimaliza, okoteni maganda, vikombe vya plastiki ambavyo mbuzi hula, na vipande vya visahani vilivyo karibu. Naweni mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na nguo za uwanjani zifuliwe mbali na za watoto. Mtutu upigwe brashi, upitishwe kitambaa kikavu, kisha kitambaa chenye tone la mafuta mepesi, hata ya cherehani. Tone tu: mafuta mengi Dodoma yanakusanya vumbi na kuwa msasa. Choki ifunguliwe, nyuzi zake zifutwe, zipakwe grisi kidogo, irudishwe na kukazwa. Bunduki ifungiwe kabatini, risasi zifungiwe penye ubaridi, kila kimoja na ufunguo wake.